Ipi Kati ya Kokwa Hizi Ndiyo Erris?

Mzee Fintan,

Nakuandikia kwa Kiswahili, na najua Kiswahili chako kilikuwa "sawa", "polepole" na lile tusi la madereva wa malori ambalo Wekesa wa chumbani kwangu alikufundisha. Kiingereza changu ni cha kazi: geti gani, saa ngapi, bosi ameshuka. Haya ninayotaka kukuambia hayaenei humo. Halafu nadhani huko uliko lugha si shida tena. Kama bado ni shida, basi utanisamehe, utajua tu kwamba Gitau ameandika.

Bado uko Jeddah, kwenye chumba baridi cha hospitali. Mimi nimerudi Riyadh, niko kwenye chumba chetu cha Al-Suwaidi, nimeketi kitandani na magoti ndiyo meza. Siku ile nilikuwa nje ya geti la bandari, eisi ya gari inavuma, kiti chako nimekisogeza nyuma ulivyopenda. Badala yako akatoka yule karani Mhindi. Akainama dirishani akasema, "Baba wako, halas." Mimi nikadhani umemaliza kazi mapema. Nikawasha gari, nikaweka gia, nikangoja uje. Yule mtu alisimama pale akinitazama mpaka nikaelewa.

Sasa sikiliza jambo lililonichanganya, maana tangu mchana sijatulia.

Nora amenipigia. Nora wako, mtoto wako wa pekee, ambaye siku zote tulikuwa tunasalimiana tu kupitia simu yako. Anasema kampuni inataka jibu haraka: ama uzikwe papo hapo Jeddah kwenye makaburi ya Wakristo, ama usafirishwe. Hukuacha neno lolote. Akaniuliza, "Gitau, wewe ndiwe uliyekaa naye zaidi miaka hii. Baba aliwahi kusema anataka alazwe wapi?"

Sikufikiria hata kidogo. Kwetu hilo si swali la kufikiria. Mtu huzikwa kwao, kwenye shamba la baba yake, na akishakuambia kwao ni wapi amekuonyesha na mahali kaburi lake litakapochimbwa. Hata aliyefia Mombasa au Amerika, watu watachanga mpaka arudishwe. Kwa hiyo nikamjibu upesi, tena kwa fahari, kama mtu aliyepewa siri akaitunza: "Erris. Kwao ni Erris, mpelekeni huko."

 Kisha akaniambia taratibu, kama unavyoongea na mgonjwa, kwamba wewe ulizaliwa Dublin. Ulikulia Dublin, ukaoa Dublin, na Mama Nora amelala Dublin. Erris ilikuwa kwa nyanya yako. Ulienda mara moja, wiki moja tu, ukiwa mtoto mdogo, na Mama Nora alikuwa akikucheka kwamba kitu pekee ulichokumbuka ni mvua.

Mara moja, Mzee!

Nimekasirika, nakuambia wazi. Nimekasirika na mtu aliye kwenye chumba baridi, na hiyo nayo inanitia aibu. Miaka yote ile, Riyadh kwenda Jeddah, Jeddah kurudi Riyadh, siku nzima barabarani, mimi na wewe na jangwa. Ulinipa habari za mahali pale mpaka nikajiona naweza kushuka huko usiku na nikafika nyumbani kwako bila kuuliza. Na kumbe ni mtu wa mjini kama watu wengine!

Unakumbuka kituo kile cha mafuta kabla ya Taif, kwa yule Myemeni wa chai? Ndipo ulipoanzia. Tulikuwa tumekula tende. Ukakusanya kokwa, ukazifuta kwa leso, ukazipanga juu ya boneti, ukaungua kidole, ukatukana kwa Kiswahili cha Wekesa, ukaendelea kupanga. Ukasema hii ni kaunti ya Mayo, kwenu Ayalandi, na Mayo ina baroni tisa. Nikakuuliza baroni ni mtu au ni mahali, maana shuleni tulisoma kwamba mabaroni walikuwa mabwana wa ngome. Ukacheka. Ukanieleza kwamba kwenu jimbo limegawanywa kaunti, kaunti ikagawanywa baroni, baroni ikagawanywa parokia, na parokia vipande vidogo vidogo ambavyo kila kimoja kina jina lake, hata kama wanaoishi humo ni kondoo watupu.

Nikakuambia, basi baroni ni tarafa. Ukataka kujua tarafa ni nini, nikakuhesabia ngazi zetu: wilaya, tarafa, lokesheni. Nikakueleza katiba mpya ilivyoleta kaunti, na tarafa yetu ya Mathira ikabaki jina kwenye kitambulisho changu. Ukapiga boneti kwa mkono, kokwa zikaruka, ukasema, "Ndivyo hasa! Ndivyo hasa!" Yule Myemeni alituona wendawazimu.

Ulisema zamani sana Erris ilikuwa nchi ya koo, yenye wakubwa wake wenyewe. Wakaja wapiganaji wenye farasi na mawe ya kujengea ngome, wakaja Waingereza na kamba za kupimia ardhi, na kila aliyefika alikuta mipaka ya wenyeji akaipa kazi yake: kukusanya kodi, kuhesabu watu, kugawiana mashamba ya walioshindwa. Mwishowe serikali ikaona kaunti inatosha. Imepita zaidi ya miaka mia, baroni haina ofisi wala mkubwa, na hakuna anayeipigia kura. Lakini mtu wa Erris, ulisema, ukimuuliza anatoka wapi, atakutajia Erris kabla ya Mayo.

Na ukainua ile kokwa ya mwisho kushoto. Magharibi na kaskazini yake ni bahari kuu, na baadhi ya magenge yake ya mawe ni marefu mpaka ndege wanapita chini ya miguu yako. Mashariki milima, na nyuma ya milima baroni nyingine ambayo watu wake, ulisema, hawaaminiki. Katikati ni tope jeusi hadi macho yachoke, udongo wenye maji ambao watu huukata kama matofali, wakaukausha, wakauwasha jikoni. Hapo nilikukatalia. Udongo uwake moto? Ukaapa. Halafu ile rasi ya Mullet, iliyoshikwa na nchi kavu kwa shingo nyembamba, na mji wa Belmullet umekaa hapo hapo shingoni, bahari huku, bahari kule. Ulimimina chai kwenye boneti ili nione zile ghuba mbili. Chai yenyewe ilikuwa yangu.

Kisha sauti yako ikashuka. Ukanisimulia juu ya viazi vilivyooza ardhini, na watu waliokuwa wakila mwani kando ya bahari, na makabaila waliokuwa wakiezua mapaa ya nyumba za waliokosa kodi ili wasipate pa kurudi. Nayakumbuka maneno yako vizuri, Mzee, kwa sababu nilitazama mbele nisikuangalie usoni. Ulisema "tulikula mwani". Hukusema walikula. Sasa mtu wa Dublin, mtoto wa mjini, ulikula mwani lini?

Wekesa anasema ninajisumbua bure. Unamjua Wekesa, yeye kila jambo ana hukumu. Amelala kitanda cha juu ananing'iniza miguu, anasema, "Mzungu hana kwao, bro. Mzungu ana adresi. Wamzike penye flaiti ni rahisi, halas." Nimemwambia anyamaze. Na Nora nimemwambia nitampigia kesho jioni. Nimebaki njia panda na sijui ni nani alinipa mimi kazi hii ya kukutafutia mahali pa kulala.

*

Mzee, naendelea. Ni siku nyingine, na bado kichwa hakijakaa sawa.

Asubuhi nimempigia Mama yangu, kule Mathira. Nilitaka aniambie tu kwamba mtu huzikwa kwao, nipate nguvu ya kumwambia Nora hivyo hivyo. Nikamsimulia habari zako. Nikamwambia wewe ndiwe yule bosi niliyemweleza kuhusu matoka.

Hukusahau matoka. Ule mmea wa mpakani, majani marefu, kiazi chake kimezama ardhini hata ukiukata unachipua tena. Nilikuambia kwamba kwetu wazee walipanda matoka kutenganisha shamba na shamba, na kwamba anayeyang'oa alikuwa anajitafutia laana. Ulinifanya nisimamishe gari kando ya barabara, malori yanatupita yakitutikisa, ukataka nikuonyeshe kwa mikono majani yana urefu gani. Nikakuonyesha. Nikakuambia ya kwetu yalianzia mtoni, yakapanda mteremko, yakapita nyuma ya jiko la Shosho, nyanya yangu, yakaishia kwenye njia. Nikakuambia nikiwa mtoto nilikuwa nikiruka juu yake.

Mama alicheka mpaka akakohoa. "Matoka yapi, Gitau? Yaling'olewa wakati wa kupima mashamba, mimi mwenyewe nikiwa bado sijaolewa. Wewe umekuta mawe ya bikoni tu. Ni Shosho wako huyo alikuwa anakuimbia matoka kila siku."

Nikamwambia hapana, nayakumbuka. Naona majani. Naona umande. Akasema, "Utakumbukaje kitu ambacho hakikuwepo?"

Nilikata simu nikaketi. Kwa hiyo ndani ya lile gari walikuwa watu wawili, Mzee. Mmoja anasimulia tope alilokanyaga wiki moja, mwingine anasimulia majani ambayo hakuwahi kuyaona, na kila mmoja anamwamini mwenzake. Na tukifika kwenye kile kibao kinachowapeleka Waislamu Makka na sisi wengine pembeni, wewe unasema, "Haya Gitau, mpaka wetu," na huo ndio mpaka pekee ambao sote wawili tuliuona kwa macho.

Mimi sikukudanganya. Naapa sikujua. Sasa na wewe ulijua au hukujua? Ulikuwa unanichezea, au na wewe kuna Shosho alikuimbia mpaka ukaona?

Halafu nikakumbuka ile homa yako. Unajua, ile iliyokulaza Riyadh, nikawa naleta supu na kukulazimisha kunywa. Ulikuwa unaweweseka. Nilingoja uite Erris, nilikuwa na hakika utaiita. Hukuiita. Uliniuliza mara nyingi kama Mama Nora amefunga dirisha la jikoni, kwa sababu paka wa jirani ataingia. Nikakujibu ndiyo, amefunga. Ukalala kama mtoto. Wakati ule sikulitia maanani, nilidhani ni homa inasema.

Jioni ilipofika nikampigia Nora. Sikuwa na hotuba. Nilimwambia nilikosea kujibu haraka. Nilimwambia kwetu kaburi linataka mtu wa kung'oa magugu, mtu wa kupita na kusema Baba habari, na huko Erris hata kama nchi ni nzuri sijui kama kuna anayekujua sura. Nikamweleza kuhusu dirisha na paka. Alilia hapo. Huyo paka ni kweli alikuwepo, alikuwa wa rangi ya chungwa, na mama yake alikuwa akimfukuza kwa kitambaa cha kupangusia vyombo. Nikasema, "Basi mlaze karibu na mama yako." Na papo hapo moyo ukanigeuka, nikaona nimekunyang'anya nchi yako kwa neno moja.

Ndipo nikaongeza jambo ambalo sikuwa nimelipanga. Nilimwambia kwenye jiwe, chini ya jina lako, aandike Erris. Asiweke kaunti wala nchi, aweke Erris peke yake. Akasema watu watakaopita hawataelewa. Nikamwambia atakayetaka kuelewa atauliza, na yeye atakuwepo amjibu.

  Halafu akasema, "Lakini mimi sijui nimjibu nini. Hakuwahi kunisimulia. Nyumbani alikuwa mtu wa gazeti na chai. Gitau, niambie. Pakoje huko?"

Mzee, hebu nione pale. Mkikuyu wa Mathira, kwenye chumba cha watu sita Al-Suwaidi, nguo za watu zimeanikwa juu ya kichwa changu, Wekesa amezima muziki wake bila kuambiwa, na mimi namweleza Mwairishi nchi yake. Sijafika hata uwanja wa ndege wa kwenu. Nilianza na kokwa. Majina ya baroni yalinitoka manne, la tano nikatunga nusu, mengine yakapotea kabisa. Nikachanganya mashariki na magharibi, ikabidi nirudi nyuma. Lakini bahari ilikaa mahali pake, na milima, na ile shingo nyembamba yenye mji. Tope nililieleza vizuri sana. Nilimwambia linakatwa kama matofali na linawaka, akasema, "Hilo nalijua, Gitau," na akacheka kidogo kwenye kilio chake. Nilipofika kwenye mwani, nilijisikia nikisema "walikula", nikajirekebisha nikasema "mlikula".

Alisema ataenda. Akishamaliza mazishi, atachukua gari aende akaone. Akaniuliza aanzie wapi. Nami nitamwambia nini, Mzee? Nilimwambia aanzie upande wa bahari.

*

Umeondoka leo. Karani wa bandarini amenipigia kunijulisha, mtu mwema yule, hakuwa na haja ya kufanya hivyo. Umepita juu ya jangwa letu bila dereva.

Huku mambo yamekwisha kubadilika. Kesho naanza kwa familia moja ya Al-Malqa, kafili, mdhamini wangu wa kazi, ameshakubaliana nao. Ni kupeleka watoto shule na kumngoja madam nje ya maduka. Jeddah sitakwenda tena kwa sasa, na chai ya yule Myemeni atakunywa mtu mwingine. Gari lako nimelirudisha. Nililiosha mwenyewe, sikutaka mtu mwingine aguse kiti chako.

Na pale pa kuwekea kikombe, chini ya zile karatasi zako za peremende, nikazikuta. Kokwa zote tisa, zimefungwa ndani ya leso. Kumbe ulikuwa unazihifadhi. Nilikuwa nadhani kila safari ni kokwa mpya.

Nilizipanga kwenye boneti, nikasimama nikazitazama. Mzee, zinafanana zote. Nimezigeuza, nimezinusa, nimezishika moja moja juani. Ipi kati ya hizi ndiyo Erris? Ulikuwa ukiinua moja bila kusita hata kidogo, kama mtu anayemwita mtoto wake katikati ya watoto wa shule. Mimi nilidhani ina alama. Haina alama.

Nilitaka kumtumia Nora hiyo moja. Sasa siwezi, kwa hiyo nimezifunga zote tisa kwenye leso yako, na kuna Mkenya anayekwenda Ulaya na bosi wake mwezi ujao, atazitia kwenye posta akiwa huko. Nora atazipanga mwenyewe. Atakayoiweka kushoto, upande wa bahari, hiyo ndiyo itakuwa Erris. Nadhani hata wewe ulikuwa unafanya hivyo hivyo, ila sina hakika, na wa kumuuliza hayupo.

Nilikuambia habari za mwanangu Mwangi. Amezaliwa Githurai mjini, amekulia Githurai, akiulizwa kwao anasema Githurai, nami nilikuwa namfokea kwenye simu, wewe ukiwa umeketi kando yangu unasikia na kutingisha kichwa. Sitamfokea tena. Likizo yangu ikifika nitampeleka Mathira, hata ikiwa ni wiki moja tu na mvua inanyesha. Nitamtembeza kutoka mtoni, kupanda mteremko, nyuma ya jiko la Shosho, mpaka kwenye njia. Nitamwonyesha matoka yalipokuwa. Akiniuliza, "Wewe Baba uliyaona?" sijui nitamjibu nini, lakini nitamwonyesha kwa mikono majani yana urefu gani.

Lala karibu na Mama Nora, Mzee wangu. Dirisha la jikoni limefungwa. Na mtu akinisimamisha hapa Riyadh akaniuliza yule bosi wako alikuwa wa wapi, nakuahidi sitasita, nitamwambia alikuwa mtu wa Erris.

Mimi dereva wako,
Gitau wa Mathira